Nilipata 18 kwa 20 ya Fremu Rilei, Nikashindwa na Zahanati Moja

Wendani, leo hakuna video. Nina hasira, na hasira yangu haiingii kwenye sekunde sitini, kwa hivyo someni.

Mwaka wangu wa pili chuoni, huko bara, 2022. Mtihani wa mitandao, swali la nne, alama 20: sanidi rauta mbili ziongee kupitia fremu rilei. Niliandika kama mtu anayesoma Yasini. Mpaka leo mkiniamsha saa tisa usiku nitawatajia bila kufungua macho:

interface serial 0/0
encapsulation frame-relay
interface serial 0/0.102 point-to-point
ip address 10.1.1.1 255.255.255.252
frame-relay interface-dlci 102

Nikapata 18. Mbili nilikatwa kwa kusahau "no shutdown". Nikampigia mama simu, mama akapiga kigelegele, jirani akauliza kuna harusi ya nani.

Sasa sikieni. Mwaka jana, chuo nimeshaacha, nimerudi Amu, zahanati moja kisiwani Pate wakanitafuta. Maneno yao yalikuwa mafupi: "Wewe si umesomea mitandao?" Kijiji cha ng'ambo ya hori kina intaneti nzuri, wao wana mnara unaoonekana kwa mbali na simu inayoshika ukisimama juu ya kiti. Katikati ni kama kilomita nne za maji na mikoko. Muuguzi alikuwa akipanda boti kila mwisho wa mwezi kwenda kutuma ripoti. Boti, kwa ajili ya faili ambalo ni dogo kuliko picha yako ya Eid.

Nilisimama pale ufukweni na miaka yangu miwili na nusu ya chuo, na kitu pekee kilichonijia kichwani ni "frame-relay interface-dlci 102". Wallahi. Sikujua nianzie wapi. Aliyeifunga hiyo intaneti mwishowe ni fundi wa dishi za TV, mtu ambaye shule aliiacha darasa la nane. Mimi nilimshikia ngazi.

Kabla hamjacheka, mjue fremu rilei yenyewe ni kitu gani, kwa sababu ina utamu wake, na huo utamu ndio hakuna mtu chuoni aliyenionyesha.

Rudini miaka ya tisini. Kampuni ina ofisi kumi. Ukitaka kila ofisi iongee na kila nyingine moja kwa moja kwa laini za kukodi, unahitaji laini 45, na kila laini unailipia kila mwezi hata kama inalala. Fremu rilei ikaja na ujanja: kila ofisi ivute laini moja tu mpaka kwenye swichi ya kampuni ya simu, na ndani ya laini hiyo moja uchorewe njia nyingi za kufikirika. Kila njia inapewa nambari, na nambari hiyo ndiyo DLCI. Kwa kawaida unapewa kati ya 16 na 1007.

Kinachowachanganya watu wote darasani ni kwamba hiyo nambari ina maana pale ulipo tu. Ni kama mtu ambaye Mkomani wanamwita Ustadhi, na Langoni wanamwita Fundi. Nenda Mkomani ukamuulizie Fundi, utaambiwa hatumjui. Mtu ni yule yule. Basi, hiyo ndiyo DLCI. Mhadhiri wetu alitumia saa mbili na michoro minne, na bado nusu ya darasa ilitoka inashika vichwa.

Halafu kuna LMI, salamu kati ya rauta yako na swichi. Kila sekunde kumi rauta inauliza "upo?" na swichi inajibu "nipo". Kupitia salamu hizo unajua njia zako zina hali gani. ACTIVE, pande zote mbili ziko sawa. INACTIVE, kwako sawa ila wa upande wa pili kuna shida. DELETED, swichi haijui unazungumzia nini. Kanuni za kwanza za hizi salamu zilitungwa 1990 na Cisco, StrataCom, Northern Telecom na Digital. Mimi nimezaliwa 2002.

Maze, si vibaya kusoma kitu kilichokuzidi umri. Nahau ya Kiarabu imenizidi umri na nimeisoma madrasa. Shida ni kwamba hiki kitu kimekufa. Faiba na MPLS ziliingia, VPN juu ya intaneti ya kawaida zikaingia, na kampuni za simu duniani zikazima swichi zao moja baada ya nyingine. Cisco wenyewe, ambao kwa rauta zao tulikuwa tukikariri zile amri, waliiondoa fremu rilei kwenye mtihani wa CCNA katika toleo la 2016. Hesabuni. Mwenye rauta amekizika 2016, sisi 2022 tunakifanyia mtihani wa alama 20. Na hatukuwa na cha kukijaribia, kwa sababu hakuna mahali pa kuinunua hiyo huduma. Tulichora kiwingu ndani ya Packet Tracer, tukakiandikia DLCI, taa zikageuka kijani, tukapiga picha skrini, tukaenda kula chapo.

Wiki tatu. Wiki tatu za muhula tulikaa kwenye kiwingu.

Najua kuna wazee wa fani wanasoma hapa na tayari wameshaanza: "Kijana, msingi ni msingi. Fremu rilei inakufundisha fikra." Haya, twende na fikra basi. Maana hapo ndipo ninapozidi kukasirika.

Ndani ya fremu rilei kuna kitu kinaitwa CIR. Ni ahadi. Kampuni ya simu inakwambia: laini yako inaweza kufika kilobiti 128 kwa sekunde, lakini ninayokuahidi ni 64. Chini ya 64 mzigo wako utafika. Ukipita hapo, kila fremu inayozidi inapigwa alama moja ndogo, biti moja tu, inaitwa DE. Maana yake kwa Kiswahili cha hapa mtaani: huyu anaweza kutupwa. Mtandao ukiwa mtulivu wote mnapita. Mtandao ukijaa, wenye DE wanatoswa baharini kwanza, na hakuna anayeombwa radhi.

Sasa chukua tangazo lolote la intaneti ya nyumbani, lile lenye kasi "hadi" kadhaa. Uliza: CIR yake iko wapi? Hakuna. Kuna "hadi" tu. Mwaka 1995 mteja alikuwa na ahadi kwenye karatasi, nambari kabisa, na akipata chini yake ana pa kulalamikia. Wewe leo una "hadi". Hiyo ni somo la saa moja ambalo lingemfanya kila mwanafunzi atoke darasani akiwa mteja mwenye meno. Kwenye madaftari yetu CIR ilikuwa mstari mmoja wa kukariri, alama mbili: "kiwango cha chini kilichoahidiwa". Tukaandika, tukapata mbili, tukasonga.

Na sisi wa visiwani tungeelewa DE kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Mnajua 2009 kebo ya TEAMS ilitoka Fujairah ikaja kutua Mombasa. Angalieni ramani. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Zote zinatua Mombasa, na zote upande wa kaskazini zinakatisha bahari hii iliyo mbele yetu. Kabla ya hapo Kenya nzima ilikuwa ikivuta intaneti ya nje kwa setilaiti, bei ya kukata mkono. Kebo zikaja, nchi ikashangilia, na mzigo ukapita mbele ya mlango wetu kama jahazi lisilo na habari na Amu. Miaka yote hii baadaye muuguzi anapanda boti na faili. Mtu akiniuliza DE ni nini sihitaji mchoro wa kiwingu.

Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kusini, karibu na Afrika Kusini, Afrika Mashariki yote ililegea na Nairobi wakalia mtandaoni siku nzima. Hapa niliona watu wanauliza: kwani kuna kilichobadilika?

Kwa hivyo wazee wangu, mkisema "fikra", mimi niko pamoja nanyi. Nileteeni hiyo fikra. Hakuna aliyenifundisha fikra. Nilifundishwa mistari mitano na nikaambiwa nisisahau "no shutdown".

Nirudi kwenye zahanati, kwa sababu kuna mambo pale ambayo hayamo kwenye daftari lolote nililowahi kubeba.

Fundi wa dishi aliweka redio mbili za GHz 5.8, moja kila upande, juu ya mabomba ya chuma. Akazielekezanisha kwa macho na kwa darubini ya nahodha. Ikashika. Muuguzi akatuma ripoti yake ya kwanza akiwa amekaa kwenye kiti, si juu yake. Siku tano, safi. Siku ya sita, baada ya Alasiri, ikakata. Kabla ya Magharibi ikarudi. Kesho yake vivyo hivyo. Nikasema hii sasa ni kazi yangu, hii ni ya msomi. Nikabadilisha chaneli. Nikazima nikawasha. Nikatafuta virusi, ati. Nikamlaumu mtoto wa jirani kwamba anaiba waifai akitoka shule.

Kulikuwa na mzee mmoja, nahodha wa jahazi zamani, hukaa barazani karibu na pale. Akaniangalia siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akaniita.

"Mwanangu, hiyo yenu hukatika na bamvua."

"Hukatika na nini, babu?"

"Bamvua. Juzi ilipokuwa maji mafu haikukatika. Ngojea maji yapungue nguvu, utaona itatulia."

Nilicheka, astaghfirullah. Nikamwambia hii ni mawimbi ya redio babu, si ya bahari. Akasema haya, andika. Nikaandika saa na siku kwa wiki mbili, nikaziweka kando ya kalenda ya maji. Mzee alikuwa sawa kwa saa.

Baadaye nikasoma kwa nini, usiku, kwa simu, kwa bando langu mwenyewe. Wimbi la redio halipiti kama uzi. Sehemu inakwenda moja kwa moja, sehemu inapiga uso wa maji na kuruka kama mpira, na zote mbili zinafika kwenye antena ya upande wa pili. Zikifika zinaafikiana, mtandao ni mzuri. Zikifika zinapingana, zinauana. Kinachoamua ni urefu wa antena juu ya maji. Na maji yetu, nyinyi mnajua, siku za bamvua hupanda na kushuka kama mita tatu. Kwa hivyo antena imefungwa imara kwenye bomba, haijasogea hata inchi, na bado urefu wake juu ya bahari unabadilika mchana kutwa. Bamvua ikijaa, ilikuwa inagonga pale pale pa kuuana. Maji mafu hayakufika hapo.

Na si hilo tu. Kwa umbali wa kilomita nne na masafa ya GHz 5.8, wimbi linataka nafasi tupu kama mita saba kuzunguka mstari wake pale katikati. Kuona ng'ambo kwa macho haitoshi. Mkoko uliokua ukaingia kwenye hiyo nafasi unakula mtandao wako hata kama unauona mlingoti wa pili vizuri kabisa. Na chumvi: viunganishi vya chuma vya bei rahisi vilianza kutu kabla mwezi haujaisha.

Tulishusha antena ya upande mmoja. Tukajaribu urefu mara nne, mimi, fundi na babu aliyekuwa akitwambia maji yatajaa saa ngapi. Sasa hivi inakaa. Bado hulegea kidogo siku mbili tatu kwa mwezi, na muuguzi ameshajua siku zenyewe, ripoti anaituma asubuhi.

Niambieni sasa. Hii fizikia yote si ngumu kuliko DLCI. Ni ya kitabu, ipo, ina fomula, ingeweza kuwa swali la nne. Nusu ya darasa letu walitoka Pwani. Kuna waliotoka Kwale, Kilifi, mmoja wa Tana River, wawili sisi wa Lamu. Kuna wa kando ya Ziwa Victoria, ambao wana visiwa vyao na maji yao. Hakuna siku hata moja mtu alisimama mbele akauliza: nyinyi kwenu intaneti inafikaje? Inakwama wapi? Tulifundishwa kuunganisha tawi A na tawi B. Tawi A halina mikoko.

Mhadhiri wangu hakuwa mtu mbaya, nisimdhulumu. Alikuwa akifundisha vyuo vitatu, analipwa kwa saa, amekabidhiwa noti na aliyemtangulia, ambaye naye alikabidhiwa. Maabara ilikuwa na rauta mbili za kweli na moja haiwaki. Ninayemkasirikia ni yule anayekaa mezani kila baada ya miaka kadhaa, anapitisha mtaala, anaona neno "fremu rilei", anajua limekufa, anaweka sahihi, anakwenda kunywa chai. Huyo ni nani? Ana jina, ana ofisi, na nyinyi mlio vyuoni mna haki ya kumuuliza.

Kwa sababu hii ni pesa. Mama aliuza bangili mbili za dhahabu kunilipia mwaka wa pili. Ami yangu alitoa mgao wake wa jarife msimu mzima. Moja ya zile bangili iko ndani ya swali la nne. Iliyeyuka pale, kwenye kiwingu. Na muhula uliofuata karo ilipokosekana, moyo wa kwenda kuitafuta sikuwa nao, na hapo ndipo nilipoacha.

Na hapa nawageukia wengine, wale wa upande wa pili, maana najua mnajiandaa kunikata kipande na kukipachika kwenye video zenu. Wale wa "chuo ni utapeli, acha, njoo ununue kozi yangu." Msinitumie. Sikuacha kwa ushujaa. Niliacha nikiwa sina karo na sina raha, na mpaka leo mama huyaficha mazungumzo ya chuo nikiingia ndani. Vitu nilivyojifunza baadaye kwa simu vilinichukua muda mara tatu kwa sababu sikuwa na mtu wa kunisahihisha. Fundi wa dishi ni hodari, lakini alikuwa hajui kwa nini inakatika. Babu alijua lini, hakujua kwa nini. Mimi sikujua lolote kati ya hayo mawili. Mtu ambaye angejua kwa nini tangu mwanzo ni mhandisi aliyefundishwa vizuri, na huyo anatoka chuoni. Nataka chuo. Nataka chuo kilichoamka.

Fremu rilei ibaki, kama mnaipenda sana. Ipewe saa moja. Ile saa ifundishe laini 45 dhidi ya 10, ifundishe CIR, ifundishe DE, na wanafunzi waje na matangazo ya intaneti za kwao wayachambue. Zile wiki tatu zinazobaki wapeni redio juu ya maji, kuunga faiba kwa mikono yao, sola ya kuendesha mlingoti mahali pasipo na stima, kutu. Wapelekeni Mtangawanda au Kizingitini wapande juu ya paa. Alama 20 ziwe kwa atakayefanya muuguzi akae kwenye kiti.

Nyinyi mnaofanya mtihani muhula huu: likija swali la DLCI, lijibuni, chukueni alama zenu, msijifanye mashujaa. Na msisahau "no shutdown". Lakini kabla ya mtihani kuna ile siku mhadhiri anauliza kama kuna maswali. Inua mkono. Muulize, kwa adabu, hii kitu leo inatumika wapi Kenya, na kama haitumiki, ile iliyochukua nafasi yake tutaifundishwa lini. Muulize darasa lote likisikia. Ikiwa hana jibu, mfuate mkuu wa idara nyinyi watu kumi, si mmoja, na muwe mmeandika.

Mimi Jumamosi niko Pate tena. Kuna madrasa ng'ambo ya pili wanataka yao, kilomita sita, na babu ameshatuletea kalenda ya maji.